Unataka kuhamia Bububu? Jua kwanza ile ardhi ilikuwa ya nani

Watu wanaokimbia kodi za mjini saivi wengi wanaangalia upande wa Bububu, kaskazini ya mji wa Unguja, na mie nawaelewa kabisa. Pwani ipo, upepo upo, daladala ya 502 inakufikisha mjini bila ya kubadilisha, na ukitoka kwenye vichochoro vya mjini kule unapata nyumba yenye ua wake na mwembe nyuma. Lakini masuali yanayoulizwa ni yale yale kila siku. Kwa nini kiwanja hichi kina hati na cha jirani yake kina karatasi ya daftari tu? Kwa nini dalali akisema "hii ilikuwa eka" anashusha sauti? Kwa nini mtu ananunua kiwanja, anaanza kuchimba msingi, halafu anatokea mzee anasema ardhi sina neno nayo lakini minazi hiyo yangu? Na kubwa kuliko yote, vipi mahali penye chemchem iliyokuwa ikiunywesha mji mzima leo watu wanapishana na ndoo?

Yote hayo yanatoka sehemu moja. Bububu haikuanza kama mji, hakuna siku mtu aliekaa na ramani akasema hapa patakuwa na nyumba, hapa soko, hapa njia. Palikuwa mashamba, yakaja majumba ya wafalme, ikaja reli, yakaja Mapinduzi ya 1964 na eka, yaani yale mashamba ya eka tatu tatu yaliyogaiwa na serikali, halafu sisi tukaja na matofali yetu tukajenga juu ya vyote hivyo bila ya kuuliza sana. Kila zama ikaacha aina yake ya umiliki, na kiwanja unachooneshwa wewe lazima kimekaa juu ya zama mojawapo. Ukijua ni ipi, nusu ya kazi umemaliza.

Tuanze na karafuu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwarabu wa Oman aitwae Saleh bin Haramil al-Abry ndie anaetajwa kuwa alipanda mikarafuu ya mwanzo Unguja, Mtoni na Kizimbani, yaani huku na huku ya hii lokesheni unayoitaka. Sayyid Said bin Sultan alipoona utamu wake akamnyang'anya mashamba, na tokea hapo eneo lote la nyuma ya Mtoni kupanda mpaka Kizimbani likawa mikarafuu ya Sultani, ya watoto wake na ya matajiri waliokuwa karibu nae. Waliopanda, waliopalilia na waliochuma ni watumwa walioletwa kutoka bara. Hili wanaotembeza watalii kwenye mashamba ya viungo wanalipita mbio mbio wakawahi kuonesha mdalasini, lakini wewe unaetaka kununua ardhi usilipite, maana vizazi vya hao watu tutakutana navyo mbele.

Mwaka 1872 kikaja kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika. Ndio mana mpaka leo mtu akitaja karafuu akili inakwenda Pemba, na huku kwetu mashamba mengi yakapandwa minazi badala yake. Hiyo minazi unayoiona Bububu imesimama katikati ya nyumba za watu usiione pambo, tutarudi kwake, ina mambo.

Penye mashamba ya wakubwa na majumba ya wakubwa yatakuwepo. Ukipanda 502 kutoka mjini unayapita mmoja mmoja: Maruhubi, jumba la Sayyid Barghash la miaka ya 1880 lililoungua 1899 zikabaki zile nguzo, halafu Mtoni, jumba la Sayyid Said mwenyewe ambako binti yake Bibi Salme alizaliwa 1844, halafu Kibweni na Beit el Ras, na ukiipita Bububu yenyewe kuna Chuini. Ndani zaidi, ukikata kulia, ndio Kidichi kwenye yale mabafu ya Kiajemi ya 1850 aliyojengewa Shahrzad, mke wa Sayyid Said mwenye nasaba ya Shah wa Uajemi. Bibi Salme nae baada ya kuingia kwenye ile fitina ya 1859, pale Barghash alipojaribu kumpindua kaka yake Majid akashindwa, alikaa mashambani Kizimbani kisha akateremka Bububu pwani, kabla ya kurudi mjini na kujuana na Heinrich Ruete yule Mjerumani, na 1866 akaondoka Unguja. Yaani Bububu ilikuwa pahala pa mtu mkubwa kujitenga kidogo na maneno ya mjini, na nikiwaona watu wanaohama saivi naona sababu haijabadilika sana.

Sasa hayo majumba yanakuhusu nini wewe mwenye milioni zako za kiwanja? Yanakuhusu hivi: baada ya 1964 mali za Sultani na jamaa zake zikawa za serikali. Ndio mana upande wa baharini kutoka Maruhubi kwenda juu nyumba za watu wa kawaida si nyingi, utaona magofu, utaona kikosi cha kuzuia magendo, KMKM, pale Kibweni, utaona chuo pale Beit el Ras ambacho saivi ni kampasi ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, utaona hoteli. Makaazi hasa yameanzia upande wa pili wa barabara yanapanda juu kuelekea Kijichi na Dole. Dalali akikwambia ana kiwanja cha bei poa upande wa pwani na "hakina tatizo lolote", hebu kaa chini kwanza uombe karatasi, na karatasi yenyewe usiisome wewe, mpe mtu anaejua.

Halafu reli. Vijana wengi hawaamini ukiwaambia Unguja ilikuwa na treni, wanadhani unasema yale majumba marefu ya Michenzani yanayoitwa treni. Nasema treni ya moshi yenyewe. Kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney & Co., ndio iliyojenga njia ya maili 7 kutoka karibu na Ngome Kongwe mpaka Bububu, ikafunguliwa 1905, na baadae serikali ikaichukua. Ikabeba abiria mpaka 1922, halafu ikabaki na mizigo na mawe, na mwisho wa miaka ya 20 ikafa kabisa, magari ya barabarani yakawa yameshaingia. Mie binafsi naona aibu kwamba kitu kama hicho watu wanapita juu yake kila siku hawajui, lakini hilo tuliache. La muhimu kwako ni kwamba reli ndio iliyoigeuza Bububu kuwa mwisho wa safari, pahala ambapo mtu wa shamba analeta mzigo wake na mtu wa mjini anashuka. Ile njia panda ya pale kituo cha polisi, inayokata kwenda Kizimbani, shughuli zake za maduka na mafungu ya matunda hazikuja juzi. Kwaio ukiona sehemu ya barabarani imebanana, fremu juu ya fremu, kelele mpaka usiku, ukiingia ndani kidogo tu kimya na migomba, ndio hivyo ilivyokuwa tokea zamani, kamba nyembamba ya mji imepita katikati ya shamba. Ukitaka biashara kaa kambani, ukitaka usingizi ingia ndani.

Tuje kwenye kiini sasa. Utumwa ulifutwa kisheria 1897, lakini mtu kuachwa huru na kupewa ardhi ni vitu viwili tofauti. Mashamba yalibaki ya wenyewe. Waliokuwa watumwa, pamoja na watu waliokuja kutoka bara kutafuta kazi na wenyeji pia, wakawa wanakaa ndani ya mashamba ya watu kwa makubaliano ya mdomo: jenga kibanda chako cha udongo na makuti, lima muhogo wako, na wewe unisafishie chini ya mikarafuu au minazi yangu. Kodi hakuna. Lakini sharti moja halikuwa na mchezo, usipande mti wa kudumu. Muhogo unang'olewa ukaisha, mnazi unakaa miaka na mwenye mnazi ana neno kwenye ile ardhi. Fikra hii, kwamba mti ni mali peke yake na unampa mtu haki, ndio imeingia mpaka kwenye sheria za leo.

Makubaliano hayo yalikwenda vizuri mpaka siasa zilipoingia. Baada ya uchaguzi wa 1957 wenye mashamba wengine wakaanza kuwafukuza watu waliowaona wako upande wa chama cha ASP (Afro-Shirazi Party), na watu wakapoteza vibanda na muhogo wao. Chuki zikajaa. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 waliopindua walianza na vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni, na Mtoni ndio hapo unapopita na gari ukenda Bububu. Sitaki kuingia kwenye ubishi wa Mapinduzi, kila nyumba Unguja ina hadithi yake na nyengine zinauma. Nazungumzia ardhi tu. Serikali ikayachukua mashamba, na 1965 Mzee Karume akaanza kugawa eka tatu tatu, na kazi hiyo ilizinduliwa Dole, jirani kabisa na Bububu. Yule aliekuwa akikaa kwa hisani chini ya minazi ya mtu sasa akawa na eka tatu na minazi iliyomo.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapojichanganya. Eka hazikutolewa kwa kuuzwa. Mtu alipewa alime, ale yeye na watoto wake, na ardhi ikabaki ya serikali. Kwa miaka ilikwenda hivyo hivyo. Lakini mji ukakua, Ng'ambo ikajaa, Mwanakwerekwe ikajaa, na mwenye eka nae akazeeka, watoto wakaowa, mmoja anataka mtaji, mwengine anaumwa, na pale nje kuna mtu wa mjini ameshika hela mkononi anataka sehemu ya kujenga. Ikakatwa sehemu, ikauzwa. Halafu nyengine. Hakuna aliepima, mipaka ilikuwa kutoka mnazi huu mpaka mwembe ule, karatasi imeandikwa kwa mkono, mashahidi wawili, na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, akaambiwa. Bei nayo ilikuwa rahisi kwa sababu pande zote mbili zilijua wanachokifanya hakijakaa sawa.

Na hii ndio sababu ya vile vinjia vya Bububu vinavyomtoa mtu roho. Mwenye eka alipokuwa akikata vipande hakuacha barabara, aliacha upenyo wa kupita mtu na baskeli, mwenye kiwanja cha mbele akasogeza ukuta kidogo, wa nyuma yake akasogeza kidogo, mwisho gari ya mchanga haiingii na gari ya zimamoto ndio kabisa usiiwaze. Gugo mapu inakuonesha njia, unaifuata, unakutana na ukuta wa choo cha mtu. Kabla hujampenda mtu kiwanja chake muulize tipa la mawe lilipita wapi, na ukiambiwa "tulibeba kwa gari ya ng'ombe" basi na wewe utabeba hivyo hivyo.

Sheria ilikuja kujaribu kupanga haya. Sheria ya Umiliki wa Ardhi, namba 12 ya 1992, inasema ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma na iko chini ya Rais kwa niaba ya watu, na mtu anachopewa ni haki ya matumizi. Hapo wageni wengi na hata wenyewe wanashangaa, wanasema kwani mie si nimenunua? Umenunua nyumba, umenunua haki ya kuitumia ile ardhi, ardhi yenyewe hujainunua. Na sheria inakubali kuwa miti inaweza kuwa na mwenyewe mbali na mwenye ardhi. Yule mzee aliekuja kudai minazi hakuchanganyikiwa wala si tapeli lazima, inawezekana kabisa alieuza kiwanja alikuwa na haki ya ardhi na minazi ni ya mwengine, au ilikuwa ya baba yao na haijagaiwa. Kwaio kwenye mkataba wa mauziano andikeni miti: ipi, mingapi, imeuzwa au haikuuzwa. Watu wanaandika rangi ya geti halafu mnazi wanausahau.

Kwa hali hiyo ukiwa Bububu unaweza kuoneshwa viwanja vinne vimekaa jirani na kila kimoja kina mambo yake. Cha mwanzo ni cha serikali kilichopimwa, kina namba na ramani, hiki ndio rahisi kuliko vyote ila bei yake inakaa juu na hivyo sawa. Cha pili ni kipande cha eka, na huku ndiko mtaa mkubwa ulikojengwa, kwaio nikikwambia usinunue kabisa nitakuwa mnafiki kwani nusu ya jamaa zangu wanakaa humo. Ninachosema ni kwamba usilipe chochote mpaka uende ofisi za ardhi ukajue ile eka ilitolewa kwa nani, kama yuko hai, kama imebadilishwa matumizi, na kama alieuza kwanza ndie huyo huyo au tayari umefika mkono wa tatu.

Cha tatu ni shamba la urithi, na mie hiki nakiogopa kuliko eka. Karatasi zinaweza kuwa nzuri tu lakini marehemu ameacha watoto kwa mama wawili, mmoja yuko Oman, mmoja yuko Dar, mmoja hajaonekana tokea zamani, na anaekuuzia ni yule alieko karibu. Mirathi haijafanywa. Unajenga mpaka kwenye lenta halafu simu inaingia kutoka Muscat. Dawa yake ni kutaka kuona mirathi imegaiwa kihalali na warithi wote wametia saini, na akikwambia "hao wengine hawana neno" mwambie basi waje waseme wenyewe. Cha nne ni wakfu, ardhi aliyoiwekea mtu kwa ajili ya msikiti au kizazi chake. Huko usimamizi uko kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na wakfu hauuzwi, mwenye kukuuzia wakfu anakuuzia dhambi yake.

Kwa walioko bara na ndugu zetu wenye pasipoti za nje, hili nalo lieleweke bila ya kukasirikiana: ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria zake, na haki ya matumizi ya ardhi ni ya Mzanzibari. Mgeni anaingia kwa njia ya kukodishwa kupitia uwekezaji, au kwa kununua apatimenti kwenye miradi inayoruhusiwa kama ile ya upande wa Fumba, lakini kiwanja cha eka Bububu kwa jina la rafiki yako wa Kiunguja, wallahi usifanye, urafiki utakufa na kiwanja kitabaki kwake. Na hata ukiwa Mzanzibari wa kuzaliwa, kuhamisha haki kutoka kwa mtu kwenda kwa mwengine kunatakiwa kupite Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Saini ya sheha ni muhimu kwa sababu sheha anawajua watu wake na ugomvi wao, lakini sheha hatoi umiliki. Wengi wanasimama kwa sheha wakidhani wamemaliza.

Nimeacha maji mwisho kwa sababu ndio yatakayokusumbua kila siku, hati utaisoma mara moja tu. Miaka ya 1880 Sayyid Barghash alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchem za huku Bububu yakafika mjini na bandarini, na watu wa mjini waliokuwa wakinywa maji ya visima vyenye chumvi wakapumua. Mji ulikuwa mdogo wakati ule. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 Mkoa wa Mjini Magharibi, ya 2022 ikakuta 893,169, yaani watu laki tatu wameongezeka kwa miaka kumi na wengi wao wamekaa nje ya mji wa zamani, huku kwetu na upande wa Fuoni. Chemchem hazikuongezeka. Kibaya zaidi, zile sehemu za juu ambako mvua ilikuwa inaingia ardhini taratibu chini ya miti ikalisha chemchem za Bububu na Mwanyanya, ndiko tulikokata viwanja. Mvua ya masika sasa inapiga bati na saruji, inateremka mbio mpaka mabondeni inaingia kwenye nyumba za watu, na kiangazi kikija mfereji unakohoa tu. Tunafurika na tunakauka mtaa mmoja, mwaka mmoja.

Kwaio ukenda kuangalia nyumba usende Jumapili asubuhi na dalali pembeni. Nenda kiangazi, mchana, fungua mfereji uone. Halafu nenda tena siku ya mvua kubwa uangalie maji yanapita wapi, na kama ukuta wa jirani una mstari wa tope usawa wa goti ushapata jibu. Tangi na msingi wa juu vitie kwenye hesabu zako mapema, maana pesa zake si ndogo na muuzaji hatokutajia. Na kama nyumba ina kisima muulize jirani wa kike, ndie anaefua, anajua yale maji yanatoa povu au hayatoi, na mwezi gani yanageuka chumvi.